Jeti ya Mageragere

Mchezo wa kurusha jeti za rimoti unadai vitu vitatu: uwanja tambarare, hewa nzito, na takataka. Kigali haina hata kimoja. Tambarare tulinyimwa na Mungu, aliyetupa vilima elfu akaona inatosha. Hewa nzito tumeiacha huko Mombasa na Dar es Salaam, mita 1,500 na ushei chini yetu. Takataka tumezifukuza wenyewe: mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2008, vyombo vya plastiki vya kutumia mara moja vikafuata mwaka 2019, na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi taifa zima linashika jembe na fagio katika umuganda. Anayetaka kuokota chupa tupu ya maji barabarani hapa kwetu Nyamirambo aondoke nyumbani alfajiri na abebe chakula cha njiani.

Hata hivyo ninarusha jeti. Ninafundisha Kiswahili shule ya sekondari, lugha ambayo Rwanda iliifanya rasmi mwaka 2017, na tangu wakati huo majirani wananiita Mwalimu kwa sauti nzito kidogo, ile wanayoitumia kwa watu wa serikali. Katika silabasi nzima ya Kiswahili hakuna mahali panapomtaka mwalimu ashike mota. Kilichonipeleka huko ni tamaa ya macho tu.

Ndege hizi hujengwa kwa fomubodi, ule ubao mwepesi mweupe wa povu lililobanwa katikati ya karatasi mbili, unene wa milimita 5, ambao wanafunzi hubandikia sayari siku ya maonyesho ya sayansi. Unaukata kwa wembe, unaukunja, unaubandika kwa gundi ya moto, nayo gundi inahakikisha kila ndege inaondoka na sehemu ya ngozi ya vidole vyako. Tumboni unafunga feni. Yangu ina kipenyo cha milimita 64 na mapanga 12, imefungiwa ndani ya mrija, na mota ya umeme inaizungusha mizunguko makumi ya maelfu kwa dakika. Inavuta hewa kupitia matundu ya ubavuni na kuitema nyuma. Mafuta ya taa hayamo, wala moto. Ni kikausha nywele cha saluni kilichonyimwa joto kikapewa mabawa.

Sasa nieleze jambo ambalo haliandikwi kwenye boksi la feni. Kusukuma hewa nyingi taratibu ni nafuu kuliko kusukuma hewa kidogo kwa kasi. Chukua umeme ule ule wa feni yangu, uupe propela ya kawaida ya inchi 9 iliyokaa wazi puani: ndege ikiwa imesimama, propela itaivuta kwa nguvu karibu mara mbili. Wenye ndege za kweli wanalijua hilo vizuri. Zile Airbus A330 za RwandAir zinazotua uwanja wa Kanombe zina feni mbele ya kila injini, kipenyo karibu mita 2.5, na sehemu kubwa ya msukumo hutoka kwenye feni hiyo kubwa kuliko kwenye moto unaonguruma katikati. Mimi nina milimita 64. Ninalipa zaidi, ninachaji zaidi, ninapata pungufu, na yote hayo ni kwa sababu propela puani inaharibu sura. Jeti inatakiwa iwe na pua safi. Ninalipia pua.

Sikuanza mimi. Tarehe 27 Agosti 1940 Waitaliano walirusha Caproni Campini N.1, ndege iliyokuwa na injini ya pistoni tumboni ikizungusha feni za kukandamiza hewa ndani ya mrija. Pua ilikuwa safi kabisa. Dunia ikaipokea kuwa jeti ya kwanza, kwa kuwa Wajerumani, ambao Heinkel He 178 yao ilikuwa imekwisha ruka mwaka mmoja kabla, walikuwa wamefunga midomo. Novemba 1941 ikarushwa kutoka Milano hadi karibu na Roma, fahari ya taifa ikapanda juu kuliko ndege yenyewe. Mwendo wake wa mwisho ulikuwa karibu kilomita 375 kwa saa, wakati ndege za kivita za propela za miaka ile zilikuwa zinapita 500. Lakini nani alipigia makofi propela?

Basi nikaenda mjini kutafuta fomubodi kwenye duka la vifaa vya ofisi.

"Za maonyesho ya shule, Mwalimu?" akauliza muuzaji.

"Hapana, za ndege."

"Ndege gani?"

"Jeti."

Akazipapasa mbao, akanipima kwa macho toka viatu hadi miwani, kisha akapunguza bei bila kuombwa. Nimenunua vitu Kigali maisha yangu yote, nimepigana na wauzaji wa soko la Kimironko hadi sauti ikakauka, na sijawahi kupewa punguzo la bure ila siku hiyo. Lilikuwa punguzo la pole, lile wanalopewa wafiwa.

Plastiki ilikuwa taabu zaidi. Mrija wa kutolea hewa unataka plastiki nyembamba na laini, kwa maana hewa haipendi mikunjo, na tundu la mwisho linatakiwa liwe dogo kidogo kuliko eneo la mapanga ili hewa itoke mbiombio. Kwingineko watu hukata chupa za soda. Mimi nilizunguka mtaani nikiangalia mitaro, mpaka mlinzi mmoja akaniuliza nimepoteza nini. Hatimaye jalada la plastiki la ripoti ya binti yangu Salma likapata kazi mpya. Ripoti yenyewe ilihamia kwenye bahasha, na Salma, ambaye hisabati za muhula ule hazikumwendea vizuri, ndiye aliyenisaidia kulichomoa.

Feni ikakamilika wiki ambayo mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka Bukavu kutibiwa presha. Nikaifunga mezani sebuleni, nikangoja alale mchana, nikafungua kijiti cha nguvu taratibu. Feni ya namna hii haichagui inachomeza. Kilicho chepesi na kilicho karibu, ni chake. Karatasi ya dawa iliyokuwa pembeni ya birika ikanyanyuka, ikasimama wima, ikaingia mbele ikiwa nzima na kutoka nyuma ikiwa mvua ya vipande. Mama mkwe akatokea mlangoni huku akijifunga kitenge.

"Baba Salma," akasema kwa utulivu wa mtu aliyeoza mabinti wengi, "iyi mashini yako imekula karatasi ya daktari. Nayo iko na presha?"

Jioni nzima familia ilikaa sakafuni, ikiunganisha vipande, na ubishi ukawa kama kile kidonge cheupe ni kimoja mara mbili au viwili mara moja. Mke wangu alipiga simu zahanati. Mimi nilishika gundi ya moto, nikaambiwa niiweke chini.

Kabla ubishi haujaisha, mlango ukagongwa. Alikuwa mtoto wa Hajati, jirani wa ukuta mmoja, amebeba beseni la mahindi kichwani.

"Mama anasalimia," akasema. "Amesikia mmenunua mashine ya kusaga. Anauliza kilo mnafanya bei gani."

Mtoto alirudi na mahindi yake na salamu ndefu za kuomba radhi. Hajati hakuamini. Kwa mwezi mzima alinisalimia kwa ubaridi, akidhani tunasagia watu wengine ila yeye.

Betri nayo ina mila zake. Ni betri ya lithiamu ya seli 4, volti 14.8, na inapochajiwa haitaki kuachwa peke yake. Kila seli inajazwa hadi volti 4.2, basi. Ikizidishiwa au ikiwa imeumia ndani, huvimba, hutoa moshi, na moto wake ukishaanza haukusikilizi. Wenye mchezo huu hununua mifuko maalumu isiyoshika moto. Mimi nilinunua chungu. Nikakiweka barazani mbali na mapazia, nikamwaga mchanga chini, nikalaza betri humo, nikafunika, waya ukatokea pembeni. Ni salama kiasi na ni rahisi, ila kasoro yake ni kwamba nyumba ya Kiafrika haina mtu anayepita chungu kilichofunikwa bila kuuliza.

Wageni waliuliza kama ni isombe ya majani ya muhogo. Mwenye nyumba aliuliza kama umeme wa jiko hilo uko kwenye mkataba wa kodi. Mama mkwe alivumilia hadi siku moja nilipomkuta ameinama, mfuniko mkono wa kushoto, chumvi mkono wa kulia.

"Hii maharage yako ya bluu," akaniuliza, "inaiva na saa ngapi?"

Saa moja, Mama. Inaiva kwa saa moja, na huliwa kwa dakika 3. Hiyo si dhihaka, ni hesabu. Feni ikifunguliwa yote inavuta ampea zaidi ya 40, na betri ya miliampea-saa 2,200 haina ubavu wa kuvumilia zaidi ya hapo. Ukiwa na busara ya mkono unaweza kufika dakika 4. Lakini mwenye busara ya mkono angekuwa amenunua propela.

Ikabaki kupata pa kurushia. Uwanja wa Pelé hapa Nyamirambo ni tambarare nzuri, ila ni wa mpira. Jumapili zile zisizo na magari, barabara za lami hukaa wazi asubuhi na macho yangu huzifuata mpaka mwisho wa upeo, lakini zimejaa watu wanaokimbia kwa ajili ya moyo, na mtu anayeutunza moyo wake hastahili kupigwa na jeti kisogoni. Nilifikiria Bugesera, kule ambako nchi imejisahau ikalala chali. Wenye ndege za kweli walikuwa wamefikiria kabla yangu: uwanja mpya wa kimataifa unajengwa huko huko. Kipande kimoja cha tambarare, na mshindani wangu ni Airbus.

Tena Rwanda si mahali pa kurusha kitu halafu ukatazama pembeni. Kanuni za ndege zisizo na rubani zilitolewa mwaka 2016, na mwaka 2018 zikafanyiwa mabadiliko. Ni haki ya wenye mamlaka, kwa sababu anga hili lina shughuli. Tangu Oktoba 2016 ndege za kampuni ya Zipline zinatoka Muhanga kupeleka damu hospitalini, na baadaye kituo cha pili kikafunguliwa Kayonza. Nikavaa suti, nikaenda kuomba ruhusa. Nilipokewa na kijana nadhifu, mpole, fomu mbele yake.

"Mzee, ndege hii ni ya kazi gani?"

"Ya kutazamwa."

Akafikiri kidogo, akaandika *burudani*.

"Itabeba nini?"

"Betri."

"Betri inapelekwa wapi?"

"Chini, mara nyingi."

Akacheka, akaomba radhi kwa kucheka, akacheka tena. Nikaondoka na masharti: mbali na uwanja wa ndege, mbali na watu, chini chini, na kwa idhini ya mwenye ardhi. Masharti hayo yote ukiyaweka kwenye ramani ya jiji na kuyasukuma kusini, yanaangukia Mageragere, sekta ya mashamba nyuma ya Nyamirambo, inayoteremka kuelekea Mto Nyabarongo. Mzee mmoja huko alikuwa amevuna maharage, shamba limepumzika. Nilipomweleza nia yangu alisema shamba lake limeshaona nzige na mvua ya mawe, hivyo haoni la kuogopa.

Hapo ndipo hewa ilipodai chake. Kwenye kimo cha Kigali hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 14. Feni ikizunguka kwa mwendo ule ule inasukuma pungufu kwa kiasi hicho hicho, na mabawa nayo yanadai kasi zaidi, karibu asilimia 8, ili yabebe uzito ule ule. Kwa hiyo jeti inatakiwa ikimbie zaidi huku ikihema kwa shida. Wanariadha huletwa milimani wazoee hewa hii, wakishuka pwani wanashinda medali. Jeti haizoei. Ukiileta milimani, unachokuza ni bili.

Kuna na jambo jingine. Propela ya mbele inaupulizia mkia upepo hata kabla ndege haijaenda, kwa hiyo usukani unashika mapema. Feni inatema hewa yake nyuma kabisa, mkia haupati kitu. Mpaka jeti ifikie kasi yake, rimoti uliyoshika ni pambo. Kwa hiyo inahitaji kurushwa kwa manati. Nikamwendea fundi baiskeli anipe mipira ya ndani ya zamani, nikaikata mishipi, nikaiunga. Aliniuliza baiskeli iko wapi. Nikamwambia hakuna baiskeli, mipira ni ya ndege. Akaniuliza ndege imetoboka wapi.

Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Hao nadhani walipita Rwanda. Katika nchi hii kitu chochote ukikirusha kinaonekana kinaruka, kwa sababu ardhi inateremka upesi kuliko kitu kinavyoanguka. Kwa mtazamaji aliye nyuma yako hiyo ni ndege. Kwa mtazamaji aliye bondeni hiyo ni ajali inayokuja. Siku ya kwanza hoi hoi zilikuwa upande wangu tu wa kilima. Kule chini watu walikuwa wanavuta mbuzi wao pembeni.

Lakini iliruka, hilo naliapia. Manati yakaachia, jeti ya rangi ya chungwa ikazama kidogo mpaka roho yangu ikazama nayo, kisha feni ikashika, sauti ikapanda kule kupanda kwenyewe, kali, nyembamba, ya kitu cha bei kubwa, nayo ikapita mbele yetu pua safi, tumbo safi, ikakata kona juu ya migomba. Kwa sekunde hizo hakuna mtu angeniambia habari ya propela ya inchi 9 nikamwelewa. Halafu upepo wa mchana ukapanda kutoka bondeni, betri ikaanza kulia *pii pii*, na ukafika wakati wa kutua.

Mageragere, kama sehemu kubwa ya Rwanda, imelimwa kwa matuta ya kuzuia mmomonyoko. Ni kazi ya kupendeza, udongo unakaa, maharage yanastawi, wataalamu wanakuja kupiga picha. Ila hayakuchimbwa kwa ajili ya kutulia jeti. Yangu ilitua kwenye tuta la kwanza ikaacha bawa, ikatua la pili ikaacha mkia, ikatua la tatu ikaacha matumaini, na kilichobaki kikavuka ng'ambo na kuingia katika mgomba wa watu.

Ng'ambo ni neno jepesi mdomoni. Niliiona pale, ningeweza kuhesabu mapanga ya feni. Nikamwita motari wa pikipiki.

"Tunaenda wapi, muzee?"

"Pale," nikamwonyesha kwa kidole.

"Pale hakuna njia ya kutoka hapa. Njia ya pale inaanzia Nyamirambo."

Akanitajia bei ya kuzunguka. Ilikuwa kubwa kuliko bei ya mabawa yote mawili na gundi yake. Nikashuka kwa miguu hadi bondeni, nikapanda kwa miguu, na kila niliyekutana naye alinielekeza, kwa kuwa habari ilikuwa imeshanitangulia. Watoto walikuwa wamepanga vipande chini ya mgomba kwa ukubwa, vidogo mbele, vikubwa nyuma, ungedhani wanapiga picha ya darasa.

Kwingineko duniani mrushaji huokota mota na betri, povu akaliachia upepo. Jaribu hilo Rwanda. Bibi mwenye mgomba alisimama, mikono kiunoni, mpaka punje ya mwisho ya povu ikaingia mfukoni, mfuko wa karatasi bila shaka. Punje za povu ni nyepesi, zinashikana na majani kwa umeme tuli, ukiipuliza moja zinatawanyika kumi. Bibi alikuwa na muda. Nilipodhani nimemaliza, alinionyesha moja kwa ncha ya fimbo.

Niliporudi juu nikakuta mkutano. Wakati wa kujenga nilikuwa peke yangu na wembe wangu. Ndege ilipoanguka, kilima kizima kilikuwa na shahada ya uhandisi wa anga. Mmoja alisema mafuta yameisha. Mwingine alisema haina mafuta, ila breki imekataa. Wa tatu, mwenye koti, alieleza kwamba pua imekuwa nzito kuliko mkia, au mkia kuliko pua, na kwa kuwa hayo mawili ndiyo huangusha ndege nyingi za fomubodi, sikuwa na la kumjibu.

"Zipline wanapeleka damu," akasema kijana mmoja nyuma. "Hii yako, Mwalimu, inapeleka nini?"

"Inampeleka Mwalimu bondeni," mzee mwenye shamba akajibu kwa niaba yangu.

Swali la kijana liliniuma kwa sababu lina mantiki. Ndege za Zipline nazo zina gamba la povu, nazo hurushwa kwa manati, na zikifika hospitalini huangusha kisanduku kwa mwavuli wa karatasi na kugeuza. Undugu wetu ni wa karibu sana. Tofauti ni kwamba wao waliweka propela wazi bila kuona haya, wakapata kampuni. Mimi niliificha, nikapata mkutano.

Tangu hapo nimekuwa nikirudi Mageragere kila ratiba na mvua zinaporuhusu. Mvua za Aprili haziruhusu: karatasi ya fomubodi ikilowa inavimba na kubanduka, na jeti iliyobanduka ngozi inazua maswali ya huruma. Watazamaji wameongezeka. Pamoja nao amekuja mama mmoja na kikapu cha mandazi na chupa ya chai, baadaye akaja na jiko kabisa. Mwanzoni nilidhani biashara yake inafuata ndege. Yeye alinisahihisha. Ndege ikiwa juu hakuna anayenunua, alisema, shingo zote zimepinda na midomo iko wazi bure. Ni ikishaanguka ndipo watu wanapokumbuka njaa, kwa sababu lazima wazungumze, na mazungumzo bila chai hayaendi. Nimesoma kuhusu uchumi wa usafiri wa anga. Sijaona mahali palipoelezwa vizuri zaidi.

Yule kijana wa swali la damu aliniomba vipande vya jeti zilizotangulia. Nikampa, pamoja na mota ndogo ya zamani na propela yake. Akakata bawa moja bapa, refu, lisilo na sura ya kitu chochote, akafunga propela puani wazi wazi, akairusha kwa mkono. Ikapanda. Haikuzama kwanza, haikupiga kelele, haikudai manati. Ilizunguka juu ya shamba muda mrefu kwa betri ndogo kuliko kiganja, kisha ikashuka polepole na kusimama miguuni pake, haina hata mkwaruzo. Waliotazama mpaka mwisho ni mama yake, na mimi, na mwalimu mwenzangu wa fizikia niliyekuwa nimemwalika. Wengine wote walikuwa wameipa mgongo ndege ile, wakiningoja mimi nivute manati.

"Kisayansi kijana amekushinda," akasema mwenzangu.

"Kisayansi, ndiyo."

"Basi badili. Weka propela."

"Na hawa?" nikamwonyesha kilima kilichojaa watu, wengine wametoka na watoto wachanga mgongoni, mzee mwenye shamba amekalia kiti alichokibeba toka nyumbani, bibi wa ng'ambo amesimama upande wake na fimbo tayari.

Mwenzangu aliwatazama muda mrefu. Alifungua mdomo aeleze jambo juu ya ufanisi, akaufunga, akauliza mandazi ni bei gani.

"Bado," yule mama akamwambia. "Hayajakaangwa."

Nikaangalia upepo, nikachomeka betri, nikanasa ndoano. Kilima kikasimama. Yule mama akanisogelea huku akijifuta unga mikononi, akainama karibu na sikio langu ili asiniaibishe mbele za watu.

"Samahani, Mwalimu. Leo inaanguka saa ngapi? Nataka nijue mafuta niyaweke motoni sasa hivi au ningoje."

Nikakisia upepo, nikakisia betri, nikamwambia dakika 3.

Akaenda kuwasha jiko.